Amana ya Fundi

Juma hili twataka kuungama kosa letu wenyewe, huenda mzazi mmoja akazinduka kwalo.

Kijana mmoja tuliyemsomesha madrasani, ambaye sasa ni fundi wa kuchomelea vyuma, alitujia baada ya sala ya alasiri na mashine aliyoiunda kwa mikono yake. Ilikanyagwa kwa miguu kama cherehani, ikikuna nazi na kukamua tui kwa pamoja. Alimwundia mamake, muuza mahamri na mbaazi, ambaye mkono ulikuwa umemchakaa kwa miaka ya kukalia mbuzi.

"Maalim," akauliza, "niwaonyeshe watu, au ningoje?"

"Mwanangu, elimu haifichwi," tukamjibu bila kusita, tukamkumbusha onyo la Mtume wetu (S.A.W.) kwa mwenye kuulizwa elimu akaificha. Siku ya Maulidi akaitoa uwanjani, na kila aliyeuliza alifunguliwa kifuniko akatazama ndani.

Maulidi mawili yakapita. Mashine za namna ile ile zikawa zauzwa dukani kwa mfanyabiashara mmoja, kwa bei ambayo kijana hangeiweza. Alipokwenda kwa wakili, aliambiwa amechelewa.

Hapo ndipo nasi tulipoketi kusoma tusilolijua. Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 yataka kitu kiwe kipya, yaani kisiwe kimedhihirishwa popote ulimwenguni kabla ya siku ya ombi. Mwenyewe akikidhihirisha, Kenya humpa miezi 12 awe amepeleka ombi kwa taasisi ya serikali iitwayo KIPI; nchi nyingi hazimpi hata siku moja. Hataza hudumu miaka 20. Kwa uvumbuzi mdogo kuna cheti cha miaka 10, chenye masharti mepesi zaidi. Wala wazo tupu halilindwi: sharti kitu kielezwe na kuchorwa hata fundi mwingine aweze kukiunda.

Sharti hilo ndilo lililotuaibisha. Kumbe hataza haifichi elimu! Mwenyewe huieleza yote katika maandishi yanayowekwa wazi, naye hupewa muda wa kula jasho lake. Muda ukiisha, ni ya watu wote.

Na wanazuoni walikwisha kututangulia. Baraza la kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988, liliamua kuwa haki za utunzi na uvumbuzi ni za wenyewe, zina thamani ya mali, zinalindwa na sharia, wala haijuzu kuzivamia. Uamuzi huo ulimzidi kijana wetu umri, nasi hatukumfikishia.

Tulimwendea nyumbani kwao tukamtaka radhi. Akatumiminia kahawa, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Maalim, ninayo nyingine."

Hatukutaka kuiona. Tulimwambia aandike, achore, apeleke ombi kwanza. Nauli ya Nairobi ni juu yetu.

Nawe mzazi, mwanao akikuletea alichokibuni, mpongeze, umwombee dua. Kisha mwulize kama ombi limekwenda, kabla hujamwita jirani kuja kutazama.

Wallahu aalam.