Kichwa cha Malkia

Baba alizaliwa Mnyuzi mwaka 1951, na siku zote aliamini jambo moja: babu alikwenda Mombasa kutafuta kazi, akaandika barua moja tu, Baba akiwa bado tumboni, kisha akanyamaza. Barua hiyo bibi aliifunga kwenye kanga. Mchwa walikula pembe yenye tarehe. Muhuri wa posta umefifia. Kinachosomeka ni MOMBASA. Ndani babu anasalimia "watoto wote", bila kumtaja hata mmoja.

Niliishika barua mwaka nilioanza kujifunza kuchapa picha kwa mabamba ya shaba, Dar es Salaam. Nilipitisha kidole juu ya stempu, nikashtuka: wino umeinuka. Picha ya namna hiyo huchongwa kwenye chuma mstari kwa mstari, tena kinyume, kama unavyojiona kwenye kioo. Bamba hupakwa wino, kisha hupanguswa hadi wino ubaki ndani ya mifereji tu, ndipo karatasi igandamizwe kwa nguvu iunyonye. Shavu la mfalme ni vistari vyembamba kuliko unywele. Mkono ukiteleza, mfalme anapata kovu. (Bibi yangu, kwenye bamba langu la kwanza, alipata matatu.)

Kampuni ya De La Rue ya Uingereza iliwachapa wengi hivyo. Stempu za Zanzibar za mwaka 1896 zina sura ya Sultani Hamad bin Thuwaini, aliyefariki Agosti mwaka huohuo. Huku bara, kwenye stempu za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika, alikaa George V, kisha George VI, wafalme ambao bibi aliwajua kwa vichwa vyao tu, vya stempu na vya senti.

Lakini stempu yetu ina simba, na pamoja naye si mwanamume. Ni mwanamke kijana mwenye taji. George VI alifariki Februari 1952, binti yake Elizabeth akiwa Kenya. Stempu hizi zenye sura yake zilitoka mwaka 1954.

Nilihesabu kwa vidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mitatu, au zaidi.

Nilimpelekea Baba. Alivua miwani, akapitisha kidole gumba juu ya uso wa malkia, taratibu, akarudia.

"Hebu nisomee tena pale kwenye salamu, mwanangu."