Vitabu Viwili na Methali za Bibi wa Vanga

Mwanafunzi wa Kiswahili akionekana mbele ya rafu ya vitabu vya kompyuta, wenzake humwuliza iwapo amepotea njia. Mimi nilifikishwa hapo na methali. Kwa ajili ya tasnifu yangu nilikuwa nimekusanya methali zipatazo 900 kutoka kwa wazee wa pwani ya kusini, nami nikaazimia kuziweka katika hifadhidata. (Wapo wanaopendelea kanzidata, mjadala huo nawaachia wanaistilahi.)

Kitabu cha kwanza nilikinunua kwa muuza vitabu vya mitumba jijini Nairobi. Kilikuwa kinene mithili ya tofali, na jalada lake liliahidi ubingwa kwa siku chache. Kiliandikwa kwa ajili ya toleo moja tu la programu moja, na karibu kila ukurasa ulikuwa na picha ya kitufe cha kubofya. Toleo nililokuwa nalo mimi lilikuwa jingine. Nusu ya vitufe hivyo sikuviona. Hata hivyo nilijikokota, nikaunda jedwali moja pana: methali, maana, mahali, jina la msimulizi. Kitabu hakikunionya.

Kisha bibi mmoja wa Vanga, aliyenipa methali nyingi kuliko wote, akafariki dunia. Wanawe wakaniomba orodha ya yote aliyonisimulia, waipate kabla ya arubaini. Nilipomtafuta, nilimkuta kwa majina manne: mara kwa jina la babake, mara kwa la kifunguamimba wake, mara mbili kwa herufi zilizokosewa. Penye wasimulizi wawili wa methali moja, nilikuwa nimewabana katika kisanduku kimoja. Orodha niliyowapelekea ilikuwa na mapengo, nami nilijua.

Mhadhiri mmoja wa kompyuta ndiye aliyeniazima kitabu cha pili, An Introduction to Database Systems cha C. J. Date. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1975; langu lilikuwa la nane, la 2003. Date anafafanua fikra ya E. F. Codd, ambaye mwaka 1970 alipendekeza data zipangwe kwa mahusiano, yaani majedwali. Mfano wake ni wa wagavi, vipuri, na jedwali la tatu linaloeleza nani hupeleka kipuri kipi. Mahali pa wagavi nikaweka wasimulizi, mahali pa vipuri nikaweka methali. Jedwali la tatu likaeleza nani alisimulia ipi. Bibi akaandikwa mara moja, kwa nambari yake.

Si kitabu chepesi, na peke yake hakitoshi. Nilihitaji kando yake kijitabu cha mazoezi ya SQL, lugha iliyosanifishwa Marekani mwaka 1986 na ambayo amri zake za msingi hazizeeki upesi kama vitufe. Siku hizi, kabla ya kulipa, hutafuta sura inayoeleza kwa nini jambo moja lisiandikwe mahali pawili. Nikiikosa, au nikiikuta imesukumwa mwishoni kwa kurasa tatu, hukirudisha kitabu rafuni.

Orodha kamili niliipeleka Vanga miezi minane baada ya maziko. Kifunguamimba aliisoma polepole, akatua kwenye methali ya tano. "Mama hakuisema hivi," akaniambia, akanitajia neno lililostahili kuwapo. Nikafungua kompyuta palepale, nikalirekebisha mahali pamoja.