Chombo Kipi Kitatuvusha?

Sisi watu wa visiwani neno chombo tunalijua vizuri. Chombo ni sahani, chombo ni patasi ya seremala, na zaidi ya yote chombo ni jahazi, kile unachojitia ndani yake na roho yako mkononi ili kikuvushe. Nahodha mwenye akili haulizi chombo kipi kimepakwa rangi nzuri. Huuliza: abiria wangapi, mzigo gani, na upepo wa sasa ni wa kaskazi au wa kusi? Ndugu msomaji, mwanzoni mwa 2024 nilipewa kazi ya kupanga somo la uandishi kwa wanafunzi wa chuo wanaosoma kwa mbali, na kila niliyemwomba ushauri alinitajia rangi.

Wanafunzi wenyewe walikuwa 23, wengi wao walimu wa skuli za msingi wanaotafuta shahada huku wakishika chaki. Kwao shahada ni mshahara kupanda daraja, ni ada ya mtoto. Walitapakaa kisiwa kizima: Nungwi, Donge, Chwaka, Makunduchi, mmoja Tumbatu ambako lazima uvuke kwa mashua, na wengine hapa hapa Mji Mkongwe, Mkunazini na Malindi.

Kikao tulikifanya Vuga. Mwenzangu mmoja alitaka tusomeshe kwa Zoom kila Jumanne saa 2 usiku.

"Bwana we, dunia nzima imo humo," akaniambia. "Unataka kuturudisha enzi za tarishi?"

Nikamwambia tupige hesabu kwanza. Saa moja ya video inaweza kunyonya nusu gigabaiti, au hata gigabaiti nzima, na asiyelipia Zoom hukatiwa kikao cha kikundi baada ya dakika 40. Zidisha kwa wiki 15, halafu muulize mwalimu wa skuli bando hilo linatoka mfuko gani.

Isitoshe, kusoma kwa mbali hakukuja na intaneti. Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa watu wasiokanyaga madarasa yake mwaka 1858. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilianza na wanafunzi wake wa kwanza 1971 kwa posta, redio na televisheni. Kwetu Tanzania, mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi, redio moja katikati na kijitabu mkononi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya 1992 na kuzinduliwa rasmi Januari 1994, wakati wengi wetu hatujaiona kompyuta hata kwa picha. Na hiyo Moodle inayotumiwa na vyuo vingi leo, aliyeianzisha ni Martin Dougiamas wa Australia, toleo la kwanza likatoka 2002. Utotoni alikaa jangwani, akisomeshwa kwa redio. Aliyeonja umbali ndiye aliyetutengenezea chombo.

Basi nikachapa karatasi ya maswali manne, nikaigawa siku ya kwanza tulipokutana ana kwa ana. Una simu gani? Ni yako peke yako? Mtandao unashika wapi? Saa ngapi huitwi na mtu?

Nilidhani swali la mwisho ndilo jepesi kuliko yote. Kumbe ndilo lililowafanya watu washike kalamu bila kuandika. Dada mmoja wa Makunduchi alinijia na karatasi yake, tupu hapo chini.

"Mwalimu, simu ya kupangusa ni ya baba watoto. Inarudi naye saa 3 usiku, chaji imekwisha. Mie saa yangu ni alfajiri, nikishasali, kabla sijabandika chai. Lakini saa hiyo simu iko chini ya mto wake."

Sita walikuwa na kitochi tu. Wa Mkunazini akaandika kuwa anaishi nyumba ya mawe, kuta nene kama za ngome, mtandao hauingii mpaka apande darini. Chini yake hoteli ina intaneti ya kumwaga, lakini ya wageni. Usiku ule nilizipanga karatasi zote juu ya jamvi. Kwa Zoom ya Jumanne usiku wangebaki watano au sita, karibu wote wanaume wenye simu yao na chumba chao. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa kila chombo humchagua mwanafunzi wake kimyakimya, kabla mwalimu hajafungua kinywa. Tungemwita dada wa Makunduchi mvivu, tukafuta jina lake, wala pasingekuwa na mtu wa kuona haya.

Uamuzi ukawa hivi. Kwanza, kitabu: kurasa 60 za fotokopi, masomo yote na tarehe zote ndani yake. Mie nimekulia Unguja. Waya wa umeme utokao Bara ulipoharibika, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, nilidurusu kwa koroboi, na karatasi haikunisaliti hata siku moja. Pili, ujumbe mfupi wa simu kila Jumamosi, maana huo hufika hata kwenye kitochi. Tatu, grupu la WhatsApp la kuulizana, sauti isizidi dakika tatu, na lisiwekwe humo jambo la lazima ambalo halikupita kwenye ujumbe mfupi. Nne, Moodle iwe ghala. Mwenye simu ya kupangusa hushusha somo palipo na mtandao, akalisoma pasipo nao. Kazi unaweza kuituma kwa njia yoyote, hata kwa daftari ndani ya bahasha kupitia konda wa daladala.

Mwenzangu akacheka. Nikamjibu kwa maneno ya wazee: usiache mbachao kwa msala upitao.

Tarehe 12 Mei 2024, masika yamepamba moto, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika. Intaneti ya Afrika Mashariki ikawa inachechemea, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Grupu likanyamaza, ghala likafungika. Jumamosi iliyofuata nikatuma ujumbe wangu wa herufi 160, na kazi zikaja kama kawaida. Siku zile ndizo tulizojifunza kuandika. Nilimtaka kila mmoja anitumie sentensi ya kwanza ya hadithi yake kwa ujumbe mmoja tu. Nyinyi mnaotaka kuandika, jaribuni: herufi 160 hazina nafasi ya maneno ya kujipamba.

Wala nisikudanganye, msomaji, kwamba tulivuka sote. Wawili walitushukia njiani. Mmoja alihamishiwa kazi Pemba akalemewa. Mwengine mtoto wake aliumwa muda mrefu, na mpaka leo sijaiona programu inayobembeleza mtoto mgonjwa. Nilimwandikia kila Jumamosi mpaka mwisho. Hakujibu, lakini sikulitoa jina lake.

Dada wa Makunduchi aliandika hadithi ya kurasa kumi na moja, kwa mkono, alfajiri moja baada ya nyengine. Daftari lilinifikia limelowa pembeni, konda akiapa kuwa ni mvua. Siku ya mtihani nilimwuliza angependa tubadilishe nini mwakani. Akafikiri kidogo.

"Mwandikisheni na baba watoto," akasema. "Akianza kusoma yeye, simu ya pili itapatikana."

Fomu nimempa. Bado haijarudi.