Saa za Ndege na Siku za Safari

Mara nyingi twasikia watu wakisema: "Toka Lubumbashi mpaka Kalemie si mbali, ni saa moja na nusu kwa ndege." Neno hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Tulipime vema.

Tukivuta uzi juu ya ramani toka kiwanja cha ndege cha Luano, pale Lubumbashi, mpaka kile cha Kalemie, tunapata karibu kilometa 660. Ndege huweza kuufuata uzi huo: huvuka nchi ya juu ya Kundelungu, huacha ziwa Moero na Pweto mkono wa kuume, kisha hushukia ziwa Tanganika. Ndege yenye mwendo wa kilometa 500 kwa saa ingemaliza njia hiyo kwa dakika 79. Upepo wa kilometa 50 ukiipiga usoni, dakika zinakuwa 88. Tena huenda polepole wakati wa kupanda na wa kushuka. Basi, saa moja na nusu, au zaidi kidogo.

Gari la moshi haliwezi kufuata uzi. Reli ya Kabalo ilifika Kalemie mwaka 1915, ikaunganishwa na Kamina mwaka 1956. Hivyo msafiri wa Lubumbashi huanza kwa kwenda upande wa Likasi na Bukama mpaka Kamina, ndipo arudi mashariki kwa Kabalo. Ni zaidi ya kilometa 1,200, karibu mara mbili ya njia ya ndege.

Je, ndege imeshinda? Imeshinda, siku ile inaporuka. Hesabu ya saa haihesabu siku za kungojea.

Sisi wa jamaa moja ya Kalemie tuliyaona hayo mzee wetu alipofariki, asubuhi ya Jumatatu. Mtoto wake wa kwanza alikuwa Lubumbashi. Akatupigia simu, akilia: "Baba zangu, mningojee. Ni saa moja na nusu tu." Lakini ndege ya kwanza ilikuwa ya Alhamisi, na jua la ziwani ni kali, na hapakuwa na chumba cha baridi cha kumlaza marehemu. Tukakaa na mama mjane, tukahesabu siku kwa vidole. Mwisho mama akasema: "Mzikeni baba yenu kesho. Lakini kilio kisiondoke mpaka mtoto afike."

Tukafanya hivyo. Alhamisi ndege haikukawia hata kidogo. Kijana akashuka, akaenda moja kwa moja kaburini, akakuta udongo ungali mbichi. Akatuuliza: "Njia ya saa moja na nusu, nimechelewaje siku mbili?" Hakuna aliyemjibu.

Basi ndugu, mtu akikutajia saa za ndege, umwulize tena: Inaruka siku gani? Nafasi ipo? Nauli ipo mkononi? Ukipata majibu hayo, ndipo utajua urefu wa safari yako. Nanyi mlio na wazazi mbali, msiitunze nauli kwa ajili ya kilio. Nendeni mkawasalimu wangali wazima, maana mzee aliye hai aweza kuwangojea mpaka Alhamisi.