Goma: Mbele ya kutia feza kwenye simu, uliza ufunguo uko na nani

Mjini Goma, tangu benki zilipofunga milango mwezi wa kwanza 2025, wakati mji ulipoingia mikononi mwa M23, simu imekuwa mfuko, benki na soko la watu wengi. Msaada wa ndugu walio Kampala ama Ulaya unapita kwenye simu, deni la unga linalipwa kwa simu, hata feza za masomo ya mtoto zinatumwa kwa simu. Ndiyo maana ujumbe wa "tengeneza makuta ukiwa nyumbani, na simu yako tu" umepata masikio. Na wanaousikiliza zaidi ni wahami wa vita, watu walioacha mashamba, mifugo na maduka, wakabaki na simu peke yake.

Mmoja wao ni mama mshonaji, mwenye miaka zaidi ya arobaini, aliyetoka Kitshanga, wilayani Masisi, vita vilipofika pale mwanzoni mwa 2023. Alifika Bulengo, magharibi ya Goma, akiwa na watoto wanne na bila mashini yake ya kushona. Mashini ni kitu kizito, na kichwa kimoja hakiwezi kuibeba wakati mgongoni kuna mtoto na mkononi kuna mwingine. Alichobeba ni simu yenye kioo kilichopasuka. Lakini ndani ya simu hiyo mlikuwa namba za wateja wake, zaidi ya mia moja: walimu, wauguzi, wanakwaya, wake za wafanyabiashara wa ng'ombe.

Miezi ya kwanza hakuzigusa. Aliona haya kuandikia watu ambao nao walikuwa wamekimbia. Kiisha siku moja mteja wa zamani alimwandikia mwenyewe, akiwa kambi ya Nakivale nchini Uganda: binti yake anaolewa, anataka nguo ishonwe na mkono ule ule wa Kitshanga. Huyu mama akatafuta mashini ya kukodi kwa siku huko Lac Vert, akashona, akapiga picha, akaitia kwenye statu ya WhatsApp. Statu inakaa saa 24 tu halafu inapotea, lakini kabla haijapotea watu saba walikuwa wamekwisha kuuliza bei.

Tangu siku hiyo kazi yake ina utaratibu. Picha anazipiga asubuhi, nje, kwa sababu ndani ya hema hamna mwanga wa kutosha na rangi ya kikwembe inadanganya. Anatumia WhatsApp ya biashara, ambayo hailipiwi, na ambayo inamruhusu kupanga picha na bei pamoja kama nguo zilizotundikwa dukani. Hakati kitambaa mbele ya kupata nusu ya bei kwa M-Pesa ama Airtel Money. Nguo ya Goma inapelekwa na motari. Ya Bukavu inapanda boti kwenye ziwa Kivu. Watu wa Kitshanga wametawanyika, wengine Minova, wengine Uganda, wengine wamerudi kuangalia kama nyumba bado ina mabati. Ndani ya ile simu wamebaki jirani.

Mwezi wa pili 2025, kambi zilizozunguka Goma zilipovunjwa, familia nyingi ziliondoka na turubai mgongoni. Yeye alipata chumba cha kupanga Ndosho. Duka lake lilihama naye siku ile ile, bila kulipia gari.

Hapo Ndosho aliingia katika kikundi cha akiba na mikopo, vile ambavyo wakaaji wanaviita AVEC. Wako ishirini na wawili, wahami na wenyeji pamoja. Kila juma kila mmoja analeta hisa zake, feza zinahesabiwa mbele ya macho ya wote, zinatiwa kwenye sanduku la chuma. Sanduku lina kufuli tatu. Funguo tatu zinakaa kwa watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake, hata akiwa na shida kubwa, hata akiwa mukubwa wa kikundi.

Kikao kimoja, mama kijana wa kikundi, mwenye watoto wawili na bwana ambaye hajulikani alipo, alisimama na simu mkononi. Aliingizwa na jirani katika programu fulani. Unatia dola 20, unabonyeza video chache kila siku, unapewa dola moja kwa siku. Ukiingiza mtu, unaongezewa. Jirani alikuwa amekwisha kutoa dola 5, na ujumbe wa M-Pesa ulionekana, watu waliupitisha mkono kwa mkono. Akaomba kikundi kitie dola 300 za sanduku kwa mwezi mmoja tu, kiisha zirudishwe na faida igawanywe mbele ya watoto kurudi masomoni.

Kimya kilikuwa kirefu. Hakuna aliyekuwa na feza za masomo. Mama mshonaji mwenyewe alikuwa na watoto wawili waliofukuzwa darasani juma lile.

Ndipo akauliza: "Mwanangu, hii makuta inatokaka wapi?"

"Ku simu, mama."

"Simu haizaake. Ni nani anaitia mu simu? Na ufunguo iko na nani?"

Mama kijana hakuwa na jibu. Alijua jina la programu, alijua namba ya mtu anayeongoza kundi la WhatsApp, lakini sura yake hakuna aliyewahi kuiona.

Papa mmoja wa kikundi, mwalimu mustaafu, aliomba daftari. Aliandika hesabu ambayo mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Ukitia dola 20 na ukapewa dola moja kwa siku, siku ishirini za kwanza unalipwa feza zako mwenyewe. Siku ya ishirini na moja unaanza kula za mwingine. Basi lazima mwingine aingie, na huyo naye anahitaji wengine. Mtu mmoja anaingiza wawili, wawili wanaingiza wanne, wanne wanaingiza wanane. Mara ya kumi wanahitajika watu 1,024. Mara ya ishirini wanahitajika zaidi ya milioni moja. "Goma nzima ikiingia," alisema, "nani atatulipa? Samaki wa Kivu?"

Watu walicheka, lakini yeye hakucheka. Aliwakumbusha wazee jina la Bindo. Mwaka 1991, nchi ikiitwa bado Zaire, watu wa Kinshasa walipanga mistari kutia akiba zao katika nyumba za michezo ya feza ambazo ziliahidi kurudisha mara nyingi zaidi baada ya muda mfupi. Bindo Promotion ndiyo iliyojulikana sana. Waliotangulia walilipwa kweli, na walipolipwa ndipo mji mzima ukaamini. Mwaka ule ule feza zikaisha na milango ikafungwa. Hakukuwa intaneti wala WhatsApp. Mchezo ni wa zamani hata kuliko Bindo: mwaka 1920 huko Boston, Marekani, Charles Ponzi aliahidi faida ya nusu ya feza kwa siku 45, na mwisho wake ulikuwa gereza. Kilichobadilika ni kwamba leo mnyang'anyi hahitaji kukodi nyumba.

Kikundi kilipiga kura. Sanduku lilibaki limefungwa. Lakini kanuni inaruhusu mtu kutoa hisa zake mwenyewe, na mama kijana alitoa zake, dola 60, akazitia.

Majuma mawili namba ilipanda kwenye kioo chake. Dola 3 kila siku. Alipofika dola 102 alitaka kutoa. Programu ikamwambia alipe kwanza dola 15 za kodi. Alizikopa kwa mwenye kabine, akalipa. Ikamwambia alipe tena ili akaunti ihakikishwe. Hakuwa na za tatu. Kesho yake kundi la WhatsApp lilifungwa, namba ya kiongozi haikupatikana, na jirani aliyemwingiza hakufungua mlango kwa siku nne, kwa sababu naye alikuwa amepoteza, na vilevile alikuwa ameingiza watu kumi na mmoja.

Wapo wakaaji wanaosema kwamba mtu wa namna hii ana tamaa. Haikuwa tamaa. Alikuwa na hesabu ya masomo ya watoto wawili, na tarehe. Wanaotunga michezo hii wanajua tarehe hizo. Wanajua ni wakati gani mama anaanza kusikiliza kitu ambacho mwezi mwingine angekicheka.

Si kila njia ya intaneti ni wizi. Nyingine ni ya kweli, ila mlango wake ni mwembamba, na watu hawaelezwi upana wake. Kijana wa dada ya huyu mshonaji ana chaneli ya YouTube ambapo anatia michezo ya kuchekesha. Mtu alitaka kumuuzia wafuasi elfu moja kwa dola 15. Mbele ya kulipa, alikaa na kusoma masharti. Ili upewe sehemu ya feza za matangazo, YouTube inaomba wafuasi 1,000 na masaa 4,000 ya kuangaliwa katika miezi 12. Kwa video ya dakika nne, hayo ni mara 60,000 kuangaliwa kutoka mwanzo mpaka mwisho. Wafuasi wa kununuliwa hawaangalii kitu, na YouTube inawafuta.

Hata ukifika hapo, bado kuna mlango mwingine. Hesabu yako ikifika dola 10, Google inatuma kwa posta barua ya karatasi yenye namba sita, ili kuhakikisha unakaa pale ulipoandika. Usipoingiza hizo namba kwa miezi minne, matangazo yanasimama. Na malipo hayatoki mbele ya dola 100. Vilevile kuna huduma ambazo hazilipi watu wa kila nchi, na orodha ya nchi lazima isomwe mapema.

"Mama mudogo," kijana aliuliza, "barua ya posta, hapa Ndosho, itanikuta ku adresi gani?"

Swali hilo ni la wahami wengi. Aliyehama mara tatu katika miaka miwili ana adresi gani? Aliyepoteza kadi ya uchaguzi, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, atajihakikisha na nini? Kijana hakuacha video zake. Ila sasa anawatengenezea wenye maduka matangazo madogo ya kutia kwenye statu, na mwenye duka anamlipa siku ile ile. Feza ni kidogo, lakini anamjua anayelipa na mlango wake anaujua.

Huyu mama naye karibu apoteze duka lake mwaka huo huo, bila kutia hata franga moja mahali. Alipokea ujumbe kutoka namba ya mteja anayemjua: "Mama, nimetuma namba sita kwako kwa makosa, unirudishie." Zile namba zilikuwa za WhatsApp yake mwenyewe. Angezituma, mwizi angeingia, angemfungia nje, na angeanza kuomba feza kwa wateja wote mia kwa jina lake. Simu ya mteja ilikuwa imekwisha kuibiwa kwa njia hiyo hiyo. Kilichomwokoa ni kupiga simu kwanza na kusikia sauti. Siku hiyo kijana alimwekea, ndani ya mipangilio ya WhatsApp upande wa akaunti, namba ya siri ya pili, ambayo inamzuia mwizi kuingia mara moja hata akiwa na zile sita.

Wasikilizaji wanaweza kushika mambo machache hapa. Kazi ya kweli inakulipa, haikuombi ulipe ili ufanye kazi. Anayekuomba feza ili akupe feza zako, usimwongezee hata franga moja, kwa sababu zilizokwenda hazitarudi kwa kufuatwa na nyingine. Ujumbe wa mtu aliyelipwa si ushuhuda, maana hata Bindo ililipa wa kwanza. Namba sita zinazoingia kwenye simu yako haziendi kwa mtu yeyote, hata kwa ndugu. Mtu akikuomba feza kwa maandishi, mpigie kwanza usikie sauti yake. Na mbele ya kutumia miezi yako na mega zako kwa huduma fulani, tafuta kujua kama inalipa watu wa nchi yako, na kwa njia gani.

Kikundi cha Ndosho kimeongeza kanuni moja kwenye daftari: feza za sanduku hazitaingia mahali ambapo hakuna mwanachama anayemjua mwenye ufunguo. Mama kijana hakufukuzwa. Walimpa mkopo mdogo, na anaurudisha kila juma kwa kushona vifungo na pindo za nguo ambazo mama mshonaji anaziuza kwenye simu. Mtoto wake mkubwa amerudi darasani. Wa pili bado anangoja.