Miss Marple Hakuhitaji Mchumba

Dada zetu wa visiwani, na nyinyi maharusi mnaohesabu siku. Sisi ni washonaji wa Kinyala, huku Rungwe, wanawake wanne na vyerehani vinne. Jioni tukitia shanga kwenye magauni ya harusi, mvua ikinyesha kama kawaida yake na umeme ukiwepo, tunaweka kompyuta kwenye meza ya kukatia tunamwangalia Miss Marple, yule bibi mpelelezi wa Agatha Christie. Mwenzetu mwenye Kiingereza kizuri ndiye mkalimani.

Tumeziangalia mbili. Ya BBC ilionyeshwa kuanzia 1984 hadi 1992, riwaya zote 12, na bibi ni Joan Hickson, aliyekuwa na miaka 78 ilipoanza. Ya ITV ilianza 2004 na Geraldine McEwan, akafuata Julia McKenzie mpaka 2013. Watazamaji wa Uingereza wamezigombania sana hizi mbili, wengi wakisema ya zamani inafuata vitabu na hii mpya imejibadilishia mambo, hata wauaji wengine si wale walioandikwa. Na sisi tumegombana.

Mdogo wetu anampenda McEwan kwa sababu macho yake yanacheka. Sawa. Lakini sisi wengine watatu tuko kwa Hickson, anayekaa kwenye kiti na sufi yake anafuma, watu wanaongea mbele yake kana kwamba hayupo. Kwenye kisa cha maiti ya maktaba, polisi wanaona msichana amekufa. Bibi anaona gauni kuukuu na kucha zilizotafunwa. Msichana anayekwenda kuonana na mwanamume angevaa gauni lake zuri! Hilo mshonaji yeyote angelisema, ila hakuna anayemuuliza mshonaji.

Mmoja wetu aliuliza kama bibi huyu hafanyi dhambi, maana Suratul Hujurat, aya ya 12, inakataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Tulichokubaliana ni kwamba bibi hatafuti aibu za watu apeleke barazani. Mtu ameuawa, na asiye na hatia anaweza kunyongwa.

Ugomvi wenyewe hasa ulikuja na kisa cha kasisi. Huko ITV wamempa Miss Marple mapenzi ya ujanani na askari mwenye mke, aliyekwenda vitani. Mdogo wetu akatokwa na machozi, akasema sasa ndiyo anamwelewa bibi. Dada yetu mkubwa akazima kompyuta.

Dada huyu ana miaka 38, hajaolewa. Ameshona magauni ya maharusi wasio na idadi, na kila anapompima biharusi, mama mmoja lazima aseme, "Na wewe lini, mwanangu?" Akatuambia, "Kwa hiyo bibi hawezi kuwa na akili tu? Lazima kwanza awe ameachwa na mtu?"

Tulinyamaza. Nyinyi mna Bwana Msa wenu, wa Muhammed Said Abdulla, tangu *Mzimu wa Watu wa Kale* ya 1960. Ana kiko chake na akili yake, na hatujasikia msomaji akidai kwanza aelezwe nani alimvunja moyo ndipo amwamini.

Tena Christie mwenyewe aligusia jambo hilo, kwenye *A Caribbean Mystery* ya 1964. Bibi anamkumbuka kijana wa ujana wake, ambaye hata baba yake alimkaribisha vizuri. Kisha akagundua kijana yule anachosha. Basi, yakaisha.

Mkalimani alipotusomea hapo, dada mkubwa alicheka mpaka akaangusha pini zote. Mdogo wetu bado anasema askari alikuwa mzuri zaidi.