Pima Kokoto Kabla ya Kulipa



Vijiji vingi vinatengeneza mazingira ya zahanati na shule. Watu wanapanda maua na miti ya kivuli. Wanamwaga kokoto njiani ili kuzuia matope. Ni kazi nzuri. Lakini kokoto ni fedha, na fedha hizo ni michango yetu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya ujenzi ya kijiji chetu. Nataka kukueleza jinsi tulivyopima kokoto za zahanati yetu.

Zahanati yetu iko bondeni. Wakati wa masika njia yake ilikuwa tope tupu. Mama mjamzito alipita kwa kushikwa mikono. Wagonjwa walisubiri chini ya mwembe, na hapo hapo maji yalituama.

Kwanza tulipima eneo. Usipime kwa hatua, maana hatua yangu si hatua yako. Tuliazima tepu ya fundi cherehani, yenye sentimita 150. Tukachukua kamba, tukatia alama ya mkaa kila mita moja. Njia ilikuwa na urefu wa mita 40 na upana wa mita moja na nusu. 40 mara moja na nusu ni 60. Hizo ni mita 60 za mraba. Chini ya mwembe tulipata mita 8 kwa mita 5, yaani mita 40 za mraba. Jumla mita 100 za mraba.

Halafu kina. Kwa njia ya miguu kwenye ardhi ngumu, sentimita 5 zinatosha. Kwetu ni bondeni, tukaamua sentimita 10. Sentimita 10 ni sehemu ya kumi ya mita. Kwa hiyo 100 gawanya kwa 10. Jibu ni mita 10 za ujazo. Kama kina chako ni sentimita 5, gawanya kwa 20. Kokoto zikishindiliwa hushuka, na nyingine huzama udongoni. Basi tuliongeza mita moja, zikawa 11.

Mita moja ya ujazo ni kama sanduku lenye urefu wa mita moja, upana wa mita moja na kimo cha mita moja. Ukilijaza kwa ndoo ya lita 20, zitaingia ndoo 50.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo fedha hupotea. Mwenye lori alikuja kwenye kikao chetu. Akasema, "Lori langu ni la tani 7. Safari mbili ni 14. Ninyi mnataka 11. Mtabakiwa na za ziada!" Wajumbe kadhaa walipiga makofi. Mama mtunza hazina hakupiga. Aliuliza, "Ndugu, sisi tunasema mita, wewe unasema tani. Ni kitu kimoja?" Yule bwana alicheka tu.

Si kitu kimoja. Tani ni uzito. Mita ya ujazo ni nafasi. Mita moja ya ujazo ya kokoto kavu ina uzito wa karibu tani moja na nusu. Kwa hiyo tani 7 za kokoto hazifiki hata mita 5.

Tulipima bodi ya lori kwa kamba yetu. Urefu mita 4, upana mita 2. Tukakubaliana kokoto zifike kimo cha sentimita 60. Hapo lori moja ni mita 4 na sehemu 8 za kumi. Tukaandika mapatano: bei ni kwa kila mita ya ujazo, na tutapima kabla ya kumwaga. Mwenye lori akatia sahihi.

Safari ya kwanza ilitimia. Safari ya pili kokoto zilikuwa zimerundikwa katikati kama kichuguu. Ukitazama kwa mbali, lori limejaa! Vijana walipanda, wakasawazisha kwa koleo. Tukachomeka kijiti chenye alama pembe zote nne na katikati. Sentimita 45. Hizo ni mita 3 na sehemu 6 za kumi tu. Dereva alinung'unika sana, lakini mapatano yalikuwa mkononi mwa mama mtunza hazina. Tulilipa tulichopokea.

Tulikuwa tumepungukiwa mita 2 na sehemu 6 za kumi, sawa na ndoo 130. Hatukuagiza lori la tatu. Kaya 65 zilileta ndoo mbili mbili za changarawe kutoka korongoni, mahali tulipoonyeshwa na serikali ya kijiji. Changarawe za korongo ni za mviringo, huteleza mguuni. Kwa hiyo tulizitandaza chini, tukashindilia, kisha tukaweka kokoto za kupondwa juu. Pembeni tulipanga mawe makubwa ili mvua isizichukue.